Afande, kombe na akina mama wa Rum

Basi lilisimamishwa Segera, jua likiwa limeshapanda. Konda aliruka chini kabla gari halijatulia, karatasi mkononi, na sauti yake ikabadilika palepale: "Shikamoo afande." Akaitikiwa. Wakasogea pembeni wakizungumza. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani, na jirani yangu alikuwa mama aliyempakata mtoto wa miaka mitano hivi ambaye tangu Chalinze hakuacha kuuliza maswali.

"Mama, yule anaitwa Afande?"

"Hapana, ni neno la heshima."

"La Kiswahili?"

Mama akanigeukia mimi, labda kwa sababu nilikuwa na kitabu mapajani. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nimefundisha historia miaka sita. Neno hilo nimelitamka tangu utoto. Sikuwa na jibu.

Gari likaondoka. Mtoto akalala. Swali likahamia kwangu na likakaa wiki nyingi.

## Neno lilivyosafiri

Afande ni efendi ya Waturuki. Lilifika kwetu mabegani mwa askari. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliandikisha Wasudani huko Cairo ili waje kupigana upande wa Wajerumani katika vita vya pwani yetu, na watu wale walikuwa wamefunzwa katika jeshi la Misri, lililorithi vyeo vya Kituruki. Wamisri walitamka afandi. Katika jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, efendi kikawa cheo cha juu kabisa alichoweza kupewa Mwafrika. Baadaye neno likateremka kutoka kwenye cheo hadi kwenye heshima, likaenea kwa kila mwenye sare.

Kipande hicho cha safari nilikuwa nakihisi. Nisichokijua ni kwamba efendi nayo si ya Kituruki kwa asili.

Ni Kigiriki. Authentes, mwenye mamlaka. Vinywani mwa watu wa kawaida wa zama za kati likawa afendis, na ukimwita mtu, afendi. Waturuki walilichukua huko Anatolia, sehemu kubwa ya Uturuki ya leo, wakiwa majirani, mabwana, mateka na wakwe wa watu waliosema Kigiriki. Katika karne ya 13, mjini Konya, binti wa Jalaluddin Rumi aliitwa Efendipoulo, yaani mtoto wa bwana. Nilisimama hapo muda mrefu. Nyumba ya mwanazuoni wa Kiislamu aliyetunga kwa Kiajemi, katika mji wa sultani wa Kituruki, na binti wa nyumba ana jina lenye mkia wa Kigiriki.

Nani alianza kumwita hivyo? Jina la aina hiyo halitoki barazani. Linatoka jikoni, uani, kwa watu wanaombeba mtoto.

## Nchi tunayoijua bila kujua

Msomaji wa Kiswahili anaijua Anatolia hata kama hajawahi kuitafuta kwenye ramani. Aliyekulia kanisani amesoma habari za Ikonio, mji ambao Paulo na Barnaba waliukimbia wasipigwe mawe. Anazijua Kapadokia, Efeso, Laodikia na Kolosai. Na anaungama Imani ya Nikea. Aliyekulia chuoni, kwenye madrasa, amehifadhi Suratu Rum, inayoanza na habari za Warumi walioshindwa ambao watakuja kushinda. Warumi hao ni watu wa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, waliosema Kigiriki na kujiita Warumi hadi siku yao ya mwisho. Wabizanti ni jina tulilowapa sisi wa baadaye.

Ikonio ndiyo Konya. Waturuki wa Kiseljuki walipomiminika baada ya vita vya Manzikert mwaka 1071, hawakulifuta jina la nchi waliyoiteka. Walilivaa. Mtawala wao akawa Sultani wa Rum, yaani nchi ya Warumi. Na Rumi mwenyewe, aliyezaliwa mashariki mwaka 1207 na kufia Konya mwaka 1273, tunamjua hadi leo kwa jina la nchi iliyompokea: Mrumi.

Mimi nina pande mbili. Baba ni mtu wa Pangani, Mwislamu. Mama ni mtu wa Muheza, Mwanglikana. Kwa hiyo sikusoma habari hizi kama mwalimu anayeandaa somo. Nilisoma kama mtu anayetafuta ndugu zake.

## Mlango wa kwa jirani

Nilipokuwa na miaka mitatu nilishikwa na degedege. Bibi mzaa mama, mzee wa kanisa, alinifunga mgongoni akanikimbiza zahanati. Tulipotoka huko akapitia kwa mwalimu wa chuo, jirani yetu. Mwalimu akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya waridi, nikanyweshwa. Kombe. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza bibi kama hakuona vibaya, yeye na msalaba wake shingoni.

"Mtoto anakufa," alinijibu, "nikae nachagua mlango?"

Sasa msikilizeni Theodore Balsamon, mwanasheria wa kanisa wa karne ya 12. Anasimulia kwamba enzi za Patriarki Luka Chrysoberges, Waislamu kadhaa walifika mbele ya sinodi, baraza la maaskofu, ya Konstantinopoli. Walipoambiwa wabatizwe, wakasema wameshabatizwa, tangu utotoni, huko kwao. Wakaeleza desturi ya nchi yao: wazazi Waislamu huwapeleka watoto wachanga kwa makasisi wa Kiorthodoksi wakabatizwe, kwa kuwa mtoto asiyepitia maji yale hupandwa na pepo na hutoa harufu kama ya mbwa. Wengine wakasema mama zao ni Wakristo, na ndio waliowapeleka.

Sinodi ikakata shauri: maji yaliyotafutwa kama dawa si ubatizo.

Nilisoma mara tatu. Sikuhitaji kuelezwa lolote. Nilimwona mama wa Kituruki akipanda kijia kuelekea kwenye kanisa lililochongwa mwambani, mtoto mgongoni, na nilimwona kasisi wa kijiji akimpokea huku akijua fika kwamba mtoto atarudi nyumbani na kukua Mwislamu kama baba yake. Aliyekuwa na shida na jambo hilo alikuwa mbali, Konstantinopoli, kwenye kiti.

## Mazoea yana taabu

Niketas Choniates, mwanahistoria aliyezaliwa Chonai, jirani kabisa na Kolosai ya kwenye Biblia, ana kisa kingine. Mwaka 1142 Kaisari John Komnenos alifika na jeshi kwenye ziwa Pousgouse, ambalo leo linaitwa Beyşehir. Visiwani waliishi Wakristo, Warumi wenzake. Akawataka waachane na Waturuki.

Wakakataa.

Walikuwa wamezoea kuvuka ziwa kwa vyombo vyao kwenda kufanya biashara Konya. Walikuwa wamechukua desturi za watu wa huko. Waturuki walikuwa majirani, na Kaisari ndiye aliyekuwa mgeni. Akawapiga, naye akaumia, maana upepo ulichafuka na askari wake wengi wakazama. Choniates anaandika kwa uchungu kwamba mazoea yaliyokomazwa na muda yana nguvu kuliko ukoo na dini. Kwetu wazee husema kwa maneno matatu: mazoea yana taabu.

Nilipofika hapo makala ilikuwa imeshajiandika kichwani. Kombe na ubatizo, ziwa na visiwa, neno moja kutoka kwa Wagiriki hadi kizuizi cha Segera. Ilikuwa makala laini. Niliiandika usiku mmoja.

Sikuichapisha.

## Mtu aliyetaka kuruka

Kilichonizuia kwanza ni karamu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1160, Sultani Kilij Arslan wa pili alikwenda Konstantinopoli kumtembelea Kaisari Manuel. Alikaa karibu siku 80. Alilishwa katika vyombo vya dhahabu na fedha, kisha akapewa vyombo hivyo avichukue. Katika vitabu vingi ziara hii ni picha ya urafiki wa mataifa mawili, na kwa siku kadhaa nami niliipenda.

Lakini Choniates hakuishia mezani. Mturuki mmoja alipanda mnara wa kiwanja cha mashindano ya farasi, amevaa vazi jeupe pana lililoshonwa likunjuke na kushika upepo, akasema ataruka. Watu wakapiga kelele kutoka chini: ruka, tunangoja! Akanyoosha mikono, akapima upepo, akasita, akapima tena. Mwishowe akajiachia. Akaanguka kama jiwe, akafa. Na tangu hapo, Waturuki wa msafara wa sultani walipopita sokoni, mafundi wa fedha walikuwa wakigonga meza zao kwa nyundo kuwakejeli.

Ndani, sultani anapewa sahani za dhahabu. Nje, watu wake wanagongewa nyundo. Tarehe 17 Septemba 1176 wenyeji na wageni wa karamu ile walikutana tena, Manuel na Kilij Arslan, katika njia nyembamba ya Myriokephalon, na safari hii walichinjana.

Nilirudi kwenye daftari nikiwa sina raha. Nilikuwa nimeokota tu vitu vilivyonipendeza.

## Mtoto wa Nikea

Mwaka 1097 jeshi la msalaba liliuzingira mji wa Nikea, uliokuwa makao ya sultani. Ulipoanguka, miongoni mwa mateka alikuwamo mtoto wa Kituruki wa miaka kama kumi. Akapelekwa kwa Kaisari Alexios kama zawadi. Kaisari akamweka acheze na mwanawe John, yule wa ziwani Pousgouse, waliyekuwa rika moja. John alipokalia kiti mwaka 1118, yule mtoto, ambaye sasa aliitwa John Axouch, akawa mkuu wa majeshi yote ya Warumi. Hata watu wa ukoo wa kifalme walishuka farasi walipokutana naye njiani.

Kuna siku Anna Komnene, dada wa Kaisari, alikula njama ya kumpokonya ndugu yake kiti. Njama ikavuja. Mali yake yote, dhahabu, fedha na nguo za kila namna, ikarundikwa chumba kimoja, na Kaisari akamwambia Axouch aichukue iwe yake. Axouch akaikataa. Akamwomba Kaisari amrudishie dada yake kila kitu, kwa kuwa huyu, pamoja na alilotenda, bado ni damu yake. Kaisari akaona haya, akarudisha, wakapatana.

Mtoto aliyetenganishwa na watu wake akiwa na miaka kumi ndiye aliyemkumbusha Kaisari thamani ya dada. Sijui kama waliokuwamo ukumbini walilisikia hilo jinsi ninavyolisikia mimi.

Karibu mwaka 1200, mjukuu wake John, ambaye watu walimwita Mnene, alijaribu kuwa Kaisari. Alivikwa taji Hagia Sophia, akaingia ikulu, na kabla siku haijaisha mambo yalikuwa yameshaharibika. Nikolaos Mesarites anaeleza alivyokuwa saa zile: ameketi chini, ananywa, jasho linamtiririka naye anajifuta, ndani ya ukumbi ulioitwa Mouchroutas. Ukumbi ule ulijengwa ndani ya ikulu ya Warumi kwa ufundi wa Kiseljuki, dari yake imejaa vikuba vilivyopangana kama mbingu iliyokunjwa, kuta zake zina picha za Waajemi, jina ambalo Wabizanti walipenda kuwapa Waturuki. Mesarites hakosi kutaja asili ya mtu huyu kwa upande wa babu.

Mama yake alikuwa wa ukoo wa Komnenos. Alikuwa na taji. Vizazi vitatu vilikuwa vimepita. Bado jicho la mwandishi lilimrudisha Nikea, kwenye kundi la mateka.

Usiku ule akauawa.

## Alikuja, aliletwa

Babu yangu wa Pangani alipenda kueleza ukoo wetu kwa fahari. Sisi ni mchanganyiko, alikuwa akisema. Tuna Mzigua, tuna Mshirazi, tuna mtu wa Manyema. Huyo wa tatu ni mama yake. "Mama alikuja kutoka bara." Nilisikia sentensi hiyo mara nyingi hata ikawa kama sehemu ya kibaraza.

Mara moja tu, nikiwa na miaka 12, labda alikuwa amechoka, alisema: "Mama aliletwa."

Tofauti ni sauti chache tu mdomoni, na hadithi nzima imegeuka. Sikumuuliza. Naye hakurudia.

Sasa nililifungua daftari la Anatolia upya nikiwa natafuta kitenzi hicho. Axouch aliletwa. Theodora, binti wa John Kantakouzenos, aliozwa kwa Orhan, mtawala wa Waothmani, mwaka 1346, wakati baba yake anahitaji askari wa Orhan katika vita vya kugombea kiti. Mama wa Sultani Kaykhusraw wa kwanza anatajwa kuwa Mgiriki. Mama wa Sultani Kaykaus wa pili anatajwa kuwa binti wa padri. Wanawe tuna habari zao zote. Kaykhusraw alinyang'anywa kiti na ndugu yake, akakimbilia Konstantinopoli, akapokewa na Kaisari Alexios wa tatu, akaoa binti wa Manuel Mavrozomes, akarudi kutawala mwaka 1205, akampa mkwewe Chonai na Laodikia, akafa vitani mwaka 1211 akipigana na Theodore Laskaris, mkwe wa Kaisari yuleyule aliyempa hifadhi. Kaykaus naye alikimbilia kwa Wabizanti miaka ya 1260, na watu hawakuweza kukubaliana kama ni Mwislamu au Mkristo, hata Patriarki Arsenios akashtakiwa kwa kumruhusu yeye na wanawe washiriki ibada. Masultani wawili wanapobisha hodi Konstantinopoli saa ya shida, huwa wanakwenda ugenini au kwa wajomba?

Wote hao walikwenda, waliingia, walirudi. Vitenzi vya kutenda. Mama zao wana vitenzi vya kutendwa: walitekwa, walitolewa, waliozwa, waliletwa.

Na ndio waliokuwa na Kigiriki nyumbani. Sultan Walad, mwana wa Rumi, aliacha beti za Kigiriki kwa herufi za Kiarabu, kama vile wazee wetu wa pwani walivyoandika Kiswahili kwa herufi hizohizo. Beti zake hazifuati Kigiriki cha wasomi wa Konstantinopoli. Ni Kigiriki cha kusikia, cha mitaa na nyua za Konya.

Tunaposema maingiliano ya utamaduni, neno hilo linakwenda kwa upole mno. Linawafanya watu waonekane kama walikutana njiani wakabadilishana zawadi. Wako waliokutana hivyo, watu wa ziwani Pousgouse ni mashahidi. Lakini sehemu kubwa ya kile ninachokipenda katika Rum, lile neno afendi, yale maji ya ubatizo, zile beti, ilibebwa na watu ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kusafiri. Nilikuwa nimeandika makala nzima kuhusu daraja bila kuwataja waliolazwa chini ili wengine wapite juu yao.

Nikaifuta.

## Thamar

Kuna picha moja niliyoiweka kwenye simu. Iko Belisırma, katika bonde la Ihlara, Kapadokia, ukutani mwa kanisa la mtakatifu George lililochongwa kwenye mwamba. Ilichorwa kati ya 1283 na 1295. Mtakatifu amesimama katikati. Upande mmoja yuko mwanamume aliyevaa kaftani na kilemba, emiri Basil Giagoupes, Mkristo katika utumishi wa sultani. Maandishi yanataja watawala wawili kwa pamoja: Sultani Masud, aliye mkuu, na Andronikos, anayewatawala Warumi. Chini ya mmoja ndiko waliko. Wa pili yuko mbali, ila wanamtaja.

Kila anayeandika kuhusu picha hii anaanza na kilemba. Hata mimi nilianza nacho.

Upande wa pili yuko mke wake, Thamar. Ameinua mikononi mfano mdogo wa kanisa, anamkabidhi mtakatifu. Na maandishi, niliporudi kuyasoma, yanaanza na yeye: kanisa hili limepambwa kwa msaada, kwa nia na kwa juhudi ya bibi Thamar, aliyechorwa hapa, na ya emiri wake Basil. Yeye kwanza. Jina lake, tendo lake, na sura yake.

Waumini wa bonde hilo hawapo tena. Mkataba wa tarehe 30 Januari 1923 uliwahamisha Wakristo wa Kiorthodoksi wa Anatolia kwenda Ugiriki na Waislamu wa Ugiriki kwenda Uturuki, kipimo kikiwa dini peke yake, hata kama Mkristo hakujua lugha nyingine ila Kituruki na Mwislamu wa Krete hakujua nyingine ila Kigiriki. Zaidi ya watu milioni 1 kwa upande mmoja, na karibu 400,000 kwa upande wa pili. Waliletwa, tena. Thamar yeye amebaki ukutani na kanisa lake mikononi.

Ni yeye aliyenipeleka Pangani mwezi uliopita.

## Wimbo

Dada yake babu bado yuko. Macho yamekwisha, masikio mazima. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwa vidole.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Nimekuja kuuliza habari za mama yako."

Vidole vikasimama juu ya ungo.

"Kaka yangu hakupenda zile habari," alisema.

"Najua. Aliitwa nani, bibi?"

"Hapa walimwita Faida."

"Na kwao?"

Alikaa kimya muda mrefu, hata nikadhani nimemkosea. Kisha akasema kwamba mama yake hakuwahi kuwaambia jina la kwao. Lakini usiku alikuwa na wimbo wa kubembelezea watoto, si wa Kiswahili, na katikati ya wimbo kulikuwa na neno moja alilolirudia kila kituo. Wao watoto walidhani ni maneno ya wimbo tu. Alipokufa, mzee mmoja wa kimanyema aliyekuja mazikoni aliwaambia: lile alilokuwa akiliimba ni jina la mtu.

"Unaukumbuka, bibi?"

Akausogeza ungo pembeni. Akaukumbuka mstari mmoja na nusu.